Okidi yako mpya haifi kwa kiu, inakufa kwa maji: Namna ya kuitambua na kuitunza nyumbani

Imefika nyumbani ikiwa imevishwa karatasi ya kung'aa na utepe, maua yamejipanga kama vipepeo. Wiki ya kwanza kila mgeni anaisifia. Baada ya muda maua yanaanguka, majani yanalegea, na mwenye nyumba anaongeza maji akidhani ina kiu. Mwisho wa siku inaishia kwenye pipa la taka.

Hiyo ndiyo safari ya okidi nyingi zinazonunuliwa supamaketi, kwenye maduka ya maua au zinazotolewa kama zawadi ya harusi, mahafali na siku ya kuzaliwa. Na mara nyingi muuaji si jua wala wadudu. Ni maji, tena yaliyomwagwa kwa nia njema kabisa.

Sehemu kubwa ya tatizo hili inaisha kama mwenye ua atajibu swali moja siku ile ile ya kwanza: hii ni okidi ya aina gani?

Okidi si ua moja

Watu wengi wanadhani okidi ni jina la ua moja, kama vile mtu anavyosema waridi. Ukweli ni kwamba okidi ni ukoo mkubwa wa mimea wenye spishi zaidi ya 25,000 duniani. Juu ya hizo kuna mahuluti, yaani okidi zilizochanganywa na binadamu, ambazo zimeshavuka 100,000 kwenye daftari la kimataifa linalotunzwa na Royal Horticultural Society ya Uingereza.

Hata vanila inayolimwa Kagera, Uganda na Zanzibar ni okidi. Ni mmea unaotambaa juu ya mti, na maganda yake ndiyo yanayotoa ile harufu ya keki na aiskrimu.

Sasa kwenye ukoo mkubwa hivyo, tabia hazifanani. Ipo inayotaka kunyweshwa kila siku na ipo ambayo ukiinywesha kila siku umeiua. Ipo inayopenda joto la Tanga na ipo ambayo bila usiku wa baridi kama wa Njombe haitoi hata ua moja.

Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "mwagilia okidi mara moja kwa wiki" unawafaa wengine na kuwaponza wengine.

Haiishi kwenye udongo

Kabla ya kwenda kwenye aina, kuna jambo moja linalozihusu okidi nyingi za nyumbani. Takriban asilimia 70 ya spishi za okidi huishi juu ya miti. Hazifyonzi mti kama kimelea. Zinajishikiza tu kwenye gome, mizizi ikiwa wazi, zinapata maji ya mvua na umande, kisha upepo unapita na kuikausha.

Mizizi hiyo imevikwa ganda jeupe linalofanana na sponji. Mvua ikinyesha, ganda linavuta maji kwa dakika chache. Mvua ikiisha, mizizi inahitaji hewa.

Ukichukua mmea wa namna hiyo ukaufukia kwenye udongo wa bustani, au ukauacha kwenye chungu kisicho na tundu, mizizi inakosa hewa. Inaoza. Na mzizi uliooza hauwezi kunywa maji, kwa hiyo majani yanasinyaa kana kwamba mmea una kiu. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoongeza maji, na mambo yanaharibika zaidi.

Yaani majani yaliyolegea yanaweza kumaanisha maji machache au maji mengi. Jibu liko kwenye mizizi, si kwenye majani.

Acha maua, tazama mwili

Kosa la kwanza kwenye kuitambua okidi ni kuangalia rangi ya ua. Rangi haisemi mengi, kwa sababu aina moja inaweza kuwa nyeupe, ya zambarau, ya njano au ya madoa.

Tena rangi inaweza kudanganya. Zile okidi za bluu iliyokolea zenye maua mapana kama vipepeo, kwa kawaida ni nyeupe zilizotiwa rangi kupitia kwenye kikonyo. Zikichanua mara ya pili, maua yanatoka meupe. Hujaibiwa ua wala hujakosea kulitunza, hiyo ndiyo rangi yake halisi.

Tazama vitu vitatu: shina, majani na mizizi. Hizi hapa ni aina sita unazoweza kukutana nazo kwenye maduka ya Afrika Mashariki. Majina ya kitaalamu yameachwa kama yalivyo kwa sababu ndiyo utakayoyakuta kwenye kibandiko.

1. Phalaenopsis: majani mapana, haina fito

Hii ndiyo inayouzwa zaidi. Ina majani machache, mapana, manene na laini, yamepangana kulia na kushoto kutoka katikati. Haina fito wala kinundu. Kikonyo cha maua ni kirefu na kimejipinda, mara nyingi kimefungwa kwenye kijiti. Chungu chake huwa ni plastiki inayoonyesha ndani.

Asili yake ni misitu ya joto ya kusini mashariki mwa Asia, kama Ufilipino na Indonesia. Kwa kuwa haina mahali pa kuhifadhi maji mengi zaidi ya majani na mizizi yake, haipendi kukauka kabisa kwa siku nyingi. Lakini haipendi kuloa muda wote pia. Inaridhika na mwanga wa wastani.

2. Dendrobium: fito kama za muwa

Ukiona fito zilizosimama wima, zenye mafundo kama muwa mdogo, na majani yametoka pande zote mbili za fito, hiyo yaelekea ni Dendrobium. Maua hutoka juu kabisa au kwenye mafundo.

Zile zenye maua yanayofanana na ya Phalaenopsis zinapenda joto na mwanga mwingi, kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar zinajisikia nyumbani. Fito ikipoteza majani usiikate. Bado imehifadhi maji na chakula, na inaweza kuchanua tena.

3. Vanda: mizizi inaning'inia hewani

Hii huwezi kuikosea. Mara nyingi inauzwa ikiwa kwenye kikapu kitupu au imening'inizwa kwa waya, mizizi minene inashuka hewani bila chochote. Majani ni marefu kama mikanda, yamepangana pande mbili za shina moja linalopanda juu.

Vanda inataka joto, mwanga mwingi na maji kila siku, kwa sababu mizizi yake inakauka haraka. Ni nzuri kwa baraza ya nyumba ya pwani. Kwa fleti yenye kiyoyozi ni kazi ngumu.

4. Cattleya: jani moja au mawili magumu

Ina vinundu virefu vilivyovimba, na juu ya kila kinundu kuna jani moja au mawili tu, magumu kama ngozi. Maua ni makubwa na mengine yana harufu tamu. Vinundu vyake vinahifadhi maji, kwa hiyo iache ikauke vizuri kabla ya kumwagilia tena. Inataka mwanga zaidi ya Phalaenopsis.

5. Oncidium: maua madogo mengi

Maua yake huwa madogo na mengi kwenye kikonyo chenye matawi, mara nyingi ya njano, kila moja kama mtoto aliyevaa gauni pana. Chini kuna vinundu vilivyobanwa, na majani ni membamba. Jani jipya likitoka limekunjamana kama kinanda cha mkono, ujue ilikosa maji wakati jani hilo linakua.

6. Cymbidium: majani kama nyasi ndefu

Ina majani mengi, marefu na membamba yanayoinama, na vinundu vya mviringo vilivyokaa pamoja chini. Maua ni mazito na hudumu kwa wiki nyingi.

Hii ni okidi ya baridi. Ili ichanue inahitaji usiku wa baridi, karibu nyuzi joto 10 hadi 15. Limuru, Iringa, Njombe au Mbeya inaweza kufurahi. Ukiipeleka Kigamboni utabaki na majani tu.

Simu yako itakusaidia, lakini usiimeze yote

Programu za kutambua mimea kwa picha, ikiwamo Google Lens, zinaweza kukufikisha kwenye kundi sahihi. Mara nyingi zinajitahidi kwa Phalaenopsis na Vanda. Zinapokwama ni kwenye jina kamili, kwa kuwa okidi nyingi za madukani ni mahuluti ambayo hata mtaalamu hawezi kuyataja bila kibandiko.

Ili upate jibu zuri, usipige picha ya ua peke yake. Piga picha nne: ua kwa mbele, mmea mzima kwa ubavu, sehemu ambayo majani yanakutana na chungu, na mizizi. Halafu linganisha jibu la simu na maelezo ya mwili wa mmea. Simu ikisema Cattleya na mmea wako hauna kinundu hata kimoja, amini macho yako.

Na kile kibandiko kidogo cha plastiki usikitupe. Kipige picha kisha kirudishe kwenye chungu.

Kwa matunzo ya nyumbani, jina la kundi linatosha. Ukijua ni Phalaenopsis, hujakosa kitu kwa kutojua jina la wazazi wake.

Mgeni mpe wiki tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Okidi ni mgeni wa kubembelezwa zaidi. Imetoka shambani, ikapanda gari, pengine na ndege, ikakaa dukani chini ya taa. Imechoka.

Ukifika nayo nyumbani fanya haya:

- Ondoa karatasi ya kung'aa. Inazuia hewa na inashika maji chini.
- Angalia chungu cha nje. Kile cha mapambo mara nyingi hakina tundu. Okidi ikikaa ndani yake na maji yamesimama, mizizi ya chini inaoza bila wewe kuona.
- Kagua wadudu. Geuza majani, tazama chini yake na kwenye maungio. Ukiona vitu vyeupe kama pamba au vigamba vya kahawia vinavyokwanguka kwa kucha, hao ni wadudu. Futa kwa kitambaa au pamba yenye spiriti, rudia kila baada ya siku chache.
- Itenge na mimea yako mingine kwa wiki mbili au tatu, ili kama ina wadudu wasisambae.
- Usiitie mbolea mara moja, na kama ina maua usibadilishe chungu. Subiri maua yaishe, labda uwe umekuta mizizi inaoza.

Jambo jingine, usiiweke karibu na kapu la matunda. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo inaweza kuangusha vichomozo na maua ya okidi kabla ya wakati wake. Watu wengi wanalaumu hali ya hewa kumbe tatizo ni mkungu wa ndizi uliopo mezani.

Maji: uliza mizizi, si kalenda

Kwa Phalaenopsis yenye chungu kinachoonyesha ndani, kazi ni rahisi. Mizizi yenye maji ni ya kijani. Mizizi iliyokauka ni ya kijivu inayong'aa kama fedha. Ikiwa bado ni kijani, acha. Ikiwa imegeuka kijivu karibu yote, mwagilia.

Kama chungu hakionyeshi ndani, tumia kijiti cha mshikaki. Kichomeke taratibu pembeni hadi chini, kiache dakika 10, kisha kitoe. Kikiwa na unyevu, subiri. Kikiwa kikavu, mwagilia. Njia nyingine ni kunyanyua chungu. Ukizoea uzito wake kikiwa kimeloa na kikiwa kikavu, mkono utakwambia wenyewe.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Peleka chungu kwenye sinki au bafuni, mimina maji hadi yapite chini, acha yachuruzike yaishe, kisha kirudishe mahali pake. Kunyunyizia kijiko kimoja kila asubuhi hakufiki kwenye mizizi ya chini na kunaweza kuacha juu pakiwa na unyevu wa kudumu.

Kwa makadirio tu, Phalaenopsis iliyo kwenye magome inaweza kuhitaji maji kila baada ya siku 4 au 5 kwenye joto la Dar es Salaam, na kila baada ya siku 7 hadi 10 kwenye Julai ya Nairobi. Lakini kipimo ni mizizi, si hizo siku.

Mwagilia asubuhi. Maji yakituama katikati ya majani ya Phalaenopsis hadi usiku, moyo wa mmea unaweza kuoza, na ukioza hapo kwa kawaida hakuna jani jipya tena. Yakiingia, yafyonze kwa ncha ya tishu.

Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote. Wakazi wa pwani wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wawe makini, maana chumvi inaunguza ncha za mizizi. Kinga ndoo moja siku ya mvua, itakufikisha mbali.

Na zile mbinu za mtandaoni? Vipande vya barafu havina ulazima, maji ya kawaida yasiyo ya baridi yanatosha. Maji ya mchele na maganda ya ndizi yanaweza kuita kuvu na vijinzi. Kama unataka kulisha, tumia mbolea ya NPK inayoyeyuka kwenye maji, robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila wiki mbili wakati mmea unakua. Mara moja kwa mwezi mwagilia maji matupu mengi ili kuosha chumvi ya mbolea iliyobaki.

Mwanga na upepo

Majani yanakupa taarifa. Yakiwa ya kijani iliyokolea sana na mmea hautoi maua, mwanga hautoshi. Yakiwa ya njano au yana wekundu, mwanga umezidi. Yakitokea mabaka makavu ya kahawia upande unaoangalia dirisha, hayo ni majeraha ya jua.

Kwa nyumba nyingi, dirisha linalopata jua la asubuhi ndilo bora. Jua la saa 6 hadi saa 9 mchana liwe nyuma ya pazia jepesi, hasa kwa Phalaenopsis.

Hewa inayotembea ni rafiki. Feni inayozunguka mbali kidogo inasaidia kukausha majani. Lakini usiiweke okidi mbele ya kiyoyozi, upepo wake mkavu unasinyaza maua.

Chungu na kilichomo ndani

Okidi nyingi za supamaketi huja zikiwa zimeshindiliwa nyuzi laini kama sponji, na katikati kuna kidonge kilichokazwa ambacho kilitumika mche ulipokuwa mdogo. Juu panaonekana pakavu, kumbe katikati kumelowa. Ukibadilisha chungu, kitoe kidonge hicho.

Wakati mzuri wa kubadilisha ni maua yakishaisha, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Huhitaji vitu vya kuagiza nje. Vipande vya mkaa wa kawaida usiotiwa mafuta, vipande vya magome ya miti, na makumbi ya nazi yaliyokatwa vinatosha. Makumbi yaloweke kwa siku moja au mbili ukibadilisha maji, ili chumvi itoke.

Toa mmea taratibu, osha mizizi, kisha ibonyeze kwa vidole. Iliyo ngumu ni mizima, hata kama rangi yake si nzuri. Iliyo teketeke au tupu ndani imekufa, ikate. Kabla ya kukata, pitisha mkasi kwenye moto, na rudia ukihamia mmea mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husambaa kwa vifaa vya kukatia.

Chagua chungu chenye matundu, kinachotosha mizizi tu. Chungu kikubwa kinakaa na unyevu muda mrefu. Mizizi inayotoka nje ya chungu usiikate wala kuifukia. Hiyo ni tabia yake tu.

Maua yameanguka, haijafa

Hapa ndipo okidi nyingi nzima zinatupwa. Maua ya Phalaenopsis yanaweza kudumu miezi miwili au mitatu, kisha yanaanguka moja moja. Mmea haujafa. Umemaliza msimu.

Kama majani ni magumu na mizizi ni mizima, kata kikonyo juu ya fundo la pili au la tatu kutoka chini, kinaweza kutoa tawi jipya la maua. Kama mmea umedhoofika, kikate karibu na chini ili nguvu irudi kwenye majani na mizizi.

Phalaenopsis huanza kutoa kikonyo kipya baada ya wiki kadhaa za hali ya ubaridi, chini ya nyuzi joto 25 hivi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, nafasi hiyo ni Juni hadi Agosti. Iweke karibu na dirisha linalopitisha hewa ya usiku na uwe mvumilivu. Kwa mkazi wa Nairobi au Arusha shida ni kinyume: usiku wa Julai unaweza kuwa baridi kupita kiasi, kwa hiyo isogeze mbali na kioo.

Kama ilitoka porini

Kuna sababu nyingine ya kuitambua okidi kabla ya kuilipia. Afrika Mashariki ina okidi zake za asili. Kuna Ansellia africana, yenye fito nene na maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama ya chui. Kuna Aerangis, zenye maua meupe yenye mkia mrefu na harufu inayotoka usiku kuwaita nondo.

Ni nzuri, na ndiyo maana zinang'olewa. Ansellia imeorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari ya kutoweka. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti bila kusaidiwa na kuvu maalumu. Kichaka kikubwa kilichong'olewa kwa dakika 5 kinaweza kuwa kimechukua miaka mingi kufika hapo.

Tatizo si la mapambo tu. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi za ardhini vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, kati ya Mbeya na Njombe, unaojulikana kama Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kulinda maua hayo ilikuwa sababu kubwa.

Basi utajuaje? Okidi ya shambani huwa safi, ina kibandiko, na zilizo pembeni yake dukani zinafanana nayo. Iliyong'olewa porini mara nyingi ina mizizi iliyokatika, vipande vya gome la mti vimeng'ang'ania, majani yametobolewa na wadudu, na muuzaji hana jibu la wapi ilikuzwa. Ukiona hivyo, usinunue. Ukinunua moja ili kuiokoa, umemlipa muuzaji akang'oe nyingine.

Na kama unataka kuvuka mpaka na okidi, jua kwamba okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Hata ya zawadi inaweza kuhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Uliza mapema, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kabla haijachukuliwa uwanja wa ndege.

Kwa kifupi: dalili na maana yake

- Majani yamelegea, mizizi ni migumu na ya kijivu: ina kiu. Mwagilia vizuri.
- Majani yamelegea, mizizi ni teketeke na ya kahawia: imeoza. Kata iliyooza, badilisha kilichomo kwenye chungu, punguza maji.
- Jani la chini kabisa la Phalaenopsis limekuwa njano peke yake: ni uzee, liache lianguke.
- Majani mengi ya njano kwa pamoja: angalia mizizi, kisha angalia jua.
- Vichomozo vinakauka kabla ya kufunguka: huenda ni matunda yanayoiva karibu, upepo wa kiyoyozi au kuhamishwahamishwa.
- Mche mdogo umeota kwenye kikonyo: subiri uwe na majani mawili au matatu na mizizi ya urefu wa kidole, kisha upande peke yake. Umepata okidi ya pili bila kulipa.

Kwa hiyo leo, kabla ya kushika kopo la maji, nyanyua chungu chako na utazame mizizi. Ikiwa ni ya kijani, weka kopo chini. Okidi yako imeshiba.